Mikuki minne, shafti mbili: uchambuzi wa fimbo moja ya pool

Mnunuzi ni kijana mzaliwa wa Uvira aliyekulia Bujumbura. Sasa anaishi Louisville, Kentucky, mji ambao ukiingia kwenye maduka yake ya vyakula vya Kiafrika unaweza kusikia Kiswahili cha Kivu kabla hujasikia Kiingereza. Anafanya kazi za usiku ghalani, na jioni anazopata nafasi hucheza ligi ya pool kwenye meza za futi saba. Alikuwa ameweka kando dola 1,500. Mimi ni mtu wa Tanga, namzidi umri, na kwa kazi ya pembeni hubadilisha ncha za fimbo na kunyoosha mambo madogomadogo ya wachezaji, kwa hiyo alinifuata.

"Mukubwa, nataka fimbo ya fundi, siyo ya dukani," aliniambia. "Lakini siku nikitaka kununua kiwanja kule nyumbani, hela yangu irudi. Siwezi kuzika pesa kwenye mti."

Masharti mawili hayo yanagombana zaidi ya watu wanavyodhani. Fimbo inayochezwa kila wiki huchakaa. Fimbo inayotunza bei hupenda kukaa ndani ya mkoba wake. Nakisimulia kisa hiki na bei zake zote kwa sababu ni mara chache mtu kuniletea swali hili akiwa bado hajanunua. Wengi huja wakishanunua, wanachotaka ni kuambiwa walipatia.

Kwa msomaji aliyeko Dar es Salaam au Kisumu, ambako unafika baa, unachagua fimbo ukutani iliyonyooka kidogo kuliko wenzake na mchezo unaanza, inafaa kueleza. Huku Marekani mchezaji wa ligi huja na fimbo yake, vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu katikati. Cha nyuma, chenye uzito, nitakiita mpini. Cha mbele, chembamba, ni shafti. Urefu wa kawaida wa fimbo nzima ni inchi 58, uzito kati ya aunsi 18 na 21, na ncha ya ngozi ni milimita 12 hadi 13. Ni nene kuliko za Kiingereza zenye ncha ya milimita 8 au 9, kwa kuwa mipira ya Kimarekani nayo ni mikubwa, inchi mbili na robo. Kuna za kiwandani, na kuna za fundi mmoja mwenye mashine yake ya kukereza, anayetengeneza chache kwa mwaka na kuzitia sahihi.

Tulikwenda kutafuta kwenye Derby City Classic, mashindano yanayofanyika kila Januari ndani ya kasino moja huko Elizabeth, Indiana, ng'ambo ya mto Ohio. Louisville ni jirani. Watu huenda kuangalia mechi, lakini pembeni kuna meza za wauzaji na za mafundi wenyewe, na usiku wa manane fimbo hubadilisha mikono kuliko benki inavyobadilisha noti. Rafiki yake mmoja, Mrundi, alitusindikiza. Ilipofika jioni ya pili tulikuwa na nne za kupima.

Ya kwanza ilikuwa mpya ya kiwandani, yenye shafti ya nyuzi za kaboni, dola 1,180. Ya pili ilikuwa ya fundi asiye na muda mrefu kwenye kazi, imejaa njumu, mapambo yaliyochimbiwa ndani ya mti: maumbo ya almasi, maua, vipande vya lulu ya chaza na pete za fedha. Muuzaji alisema ilianza kwa 2,600 na sasa anaiachia kwa 1,500 kamili. Ya tatu ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1990 na fundi ambaye bado yu hai na bado anakereza. Ilikuwa na mikuki minne ya abunusi, yaani vipande virefu vyenye ncha kali, iliyochomekwa kwenye mti mweupe wa mepo (mti ule wenye jani lililoko kwenye bendera ya Kanada), kila mkuki umezungushiwa vinia (mbao nyembamba kama karatasi) nne za rangi, uzi wa kitani mahali pa kushikia, na chini yake abunusi tupu isiyo na pambo hata moja. Ilikuwa na shafti mbili za asili, bei 1,400. Ya nne ilikuwa ya umri huohuo, nyepesi na nzuri mkononi, feruli (kipande cha mwisho wa shafti kinachobeba ncha) na kiungio chake ni vya pembe ya ndovu, dola 1,100.

Mrundi alishaamua. "Hii inang'aa! Nani ataiona hii asiitake?" alisema, akiizungusha ile ya njumu chini ya taa.

Swali lake ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha biashara hii. Ukinunua njumu unanunua saa za fundi. Kukata maua sitini, kuyachimbia nafasi na kuyabandika bila kuacha ufa ni kazi kubwa, na fundi lazima ailipishe. Lakini saa hizo hazirudishwi na mnunuzi wa pili. Yeye ana maua yake anayoyapenda. Fimbo yenye mikuki minne na vinia humkera mtu mmoja katika mia. Fimbo yenye ua la waridi la lulu inamtafuta mtu mmoja katika mia. Fundi akiwa na jina kubwa, njumu zake hupanda thamani kwa sababu wakusanyaji wanagombea kazi zake ngumu. Fundi akiwa bado mchanga sokoni, njumu ndizo zinazoanza kupoteza pesa. Kule kushuka kutoka 2,600 hadi 1,500 hakukuwa bahati yetu. Ni soko lilikuwa likimwambia muuzaji jambo, na sikuona sababu ya kudhani lingenyamaza siku kijana wangu atakapouza.

Historia ya fimbo za Marekani iko upande wa urahisi. George Balabushka, mzaliwa wa Urusi mwaka 1912 aliyehamia Marekani akiwa mtoto mwaka 1924, alianza kutengeneza fimbo karibu 1959 na kufariki 1975. Jina lake ndilo linalotajwa kwanza kila mahali, na fimbo zake leo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Nyingi kati ya hizo ni za kawaida kabisa kwa macho: mikuki, vinia, kitani na pete chache. Tena kwa muda mrefu hakukata mikuki hiyo yeye mwenyewe. Alianzia kwenye mbao zilizounganishwa tayari za Brunswick, aina ya Titlist, zilezile za fimbo za ukutani, kisha akachukua za Burton Spain na Gus Szamboti. Kazi yake ilikuwa wembamba wa shafti, uwiano wa uzito, kiungio na umaliziaji. Ile fimbo iliyoitwa Balabushka kwenye filamu ya Hollywood ya 1986 ilikuwa kwa kweli ya Joss, kampuni iliyoanzia Baltimore, na iliweza kupita kwa sababu fimbo za namna hiyo zinafanana mno. Anayejua kutofautisha ni mkono, na karatasi.

Lakini urahisi peke yake hauna bei. Hapa ndipo watu hujikwaa. Wanasikia kwamba fimbo rahisi hutunza thamani, wanakwenda kununua fimbo rahisi ya mtu asiyejulikana kwa dola 900, na wakitaka kuuza wanaambiwa 250. Ukishaondoa njumu kinachobaki ni vitu vitatu: jina la aliyekereza, ubora wa ujenzi ndani, na kama fimbo bado iko kama alivyoitoa mikononi. Kimoja kikikosekana, fimbo rahisi ni mti tu. Na uzuri wake ni kwamba vitu hivyo vitatu unaweza kuvikagua kabla ya kutoa pesa, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa ladha ya mnunuzi usiyemjua bado.

Kwa hiyo tuliikagua ile ya tatu.

Kwanza kunyooka. Kosa la kawaida ni kuifunga fimbo nzima, kuibingirisha mezani na kutoa hukumu. Tuliifunga, tukaibingirisha, na katikati ikaonyesha mwanga ukipepesa chini yake. Mrundi akaguna. Tukaifungua na kubingirisha kila kipande peke yake. Mpini ulinyooka kama ulivyotoka kwa fundi. Shafti ya kwanza ilinyooka. Shafti ya pili ilikuwa inainuka kidogo karibu na ncha, unene wa kadi moja labda. Mpini uliopinda ni msiba, kwa sababu haukerezwi tena bila kuharibu mikuki. Shafti iliyoinuka kidogo ni suala la bei. Tofauti ya hayo mawili peke yake ilitupa nafasi ya kuzungumza.

Kisha vipimo. Shafti ya kwanza ilikuwa milimita 12.95 penye feruli, ya pili 12.6. Fundi huyo hutoa shafti za 13, kwa hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikichezwa na kusuguliwa msasa kila ilipochafuka, mwaka baada ya mwaka. Ya kwanza ilikuwa karibu haijaguswa. Kwa mchezaji 12.6 si tatizo, wengi leo wanapenda hata 12.4. Kwa mkusanyaji kila sehemu ya kumi ya milimita iliyotoweka ni mti usiorudi. Pete za kiungio zililingana kwenye shafti zote mbili na mpini, rangi kwa rangi, dalili kwamba zilizaliwa pamoja. Shafti mbadala iliyotengenezwa baadaye na mtu mwingine huonekana hapohapo: pete inakuwa karibu sawa, lakini si sawa.

Nikaushika mpini kwa vidole viwili, nikaugonga kitakoni kwa kiganja na kusikiliza. Mpini wa namna hii umeundwa kwa vipande vitatu, cha mbele, cha mkono na cha chini, vilivyounganishwa kwa skrubu na gundi ndani. Muungano ukilegea, hulia mlio mwembamba wa nyuki aliyefungiwa. Huu ulitoa sauti moja kavu. Vilele vya mikuki vilifika karibu usawa mmoja, kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa kama nusu milimita. Wapo wanaokataa fimbo kwa hilo. Mimi sikatai, kwa mti uliochongwa miaka ile nusu milimita ni heshima. Vanishi ilikuwa na nyufa nyembamba kama unywele chini ya kiungio, na kitani kilikuwa kimeng'aa kwa jasho la mikono. Mtu mwingine angeona uchakavu. Mimi niliona kwamba hakuna aliyeipaka upya.

Hilo la kupaka upya linahitaji maneno zaidi. Wamiliki wengi, kwa nia njema kabisa, huipeleka fimbo ya zamani kwa fundi wa karibu ili "iwe mpya". Anaiparua, anaipaka, anaweka kitani kipya, inang'aa. Katika kuparua huondoa pia unene kidogo wa mpini, pete hupungua, na sahihi iliyoandikwa juu ya mti wakati mwingine hutoweka. Kama kazi hiyo inafanywa na fundi aliyeitengeneza, thamani hubaki na pengine hupanda. Ikifanywa na mwingine, mnunuzi makini atakukata bei, na ana haki. Bora ufa wa asili.

Sahihi ilikuwepo, chini ya vanishi, kwenye abunusi ya chini. Hatukutosheka nayo, sahihi ni kitu cha kuiga. Kwa fundi aliye hai kuna njia rahisi: tulimtumia picha za mikuki, pete na shafti kwa barua pepe, tukamwomba athibitishe. Alijibu siku ya pili. Ni yake, iliondoka karakana ikiwa na shafti mbili, kitani hicho hicho, na anaikumbuka kwa sababu vinia ya kijani ilimsumbua. Barua pepe hiyo niliichapisha papo hapo. Inaingia mfukoni mwa mkoba wa fimbo na haitoki tena.

Ile ya pembe ilihitaji mazungumzo ya aina nyingine. Kijana aliipenda, na nilimwelewa. Bei ilikuwa ya chini kuliko zote za mafundi, na mlio wake mpirani ulikuwa laini. Lakini tangu Julai 2016 sheria ya shirikisho la Marekani imebana karibu biashara yote ya pembe za ndovu wa Afrika. Iliacha mlango mwembamba kwa vitu vilivyotengenezwa kabla ya hapo vyenye chini ya gramu 200 za pembe, zisizozidi nusu ya ujazo na thamani ya kitu chote, na pembe yenyewe iwe iliingia nchini kabla ya Januari 18, 1990. Fimbo hiyo huenda ingepita hapo, kama ungekuwa na ushahidi wa mwaka ilipoingia pembe, na muuzaji hakuwa na karatasi hata moja. Halafu majimbo nayo yana yake, California na New York yakiwa kali zaidi. Kuitoa nchini kwenda kuiuza kwingine ni mlango mwingine uliofungwa. Kwa hiyo idadi ya watu wanaoweza kuinunua ilikuwa ndogo, na inapungua. Dola 1,100 ilikuwa bei ya mtu anayetaka kutoka kabla mlango haujafungwa kabisa.

Sisi wa pwani tuna sababu zetu pia. Karne ya 19 meno ya ndovu yalitoka bara, yakabebwa mabegani hadi Bagamoyo, yakavuka hadi Unguja, na mengi yakaishia Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na Ivoryton vilivyotengeneza funguo za piano. Mipira ya biliadi ya enzi hizo nayo ilikuwa pembe tupu. Sikumhubiria kijana. Nilimwambia tu kwamba siku ya kuuza, mnunuzi wa Kiafrika hataishika.

Kwa kuwa mnunuzi wetu huwaza kurudi nyumbani na fimbo yake, tuliangalia mbao nazo. Abunusi ya Afrika ya Kati haikuwa na kizuizi cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia imo kwenye Orodha ya Pili ya mkataba huo, inayodai kibali, tangu Januari 2017, ikiwamo kokobolo ambayo mafundi wa fimbo wanaipenda sana na iliyotangulia kuingia mwaka 2013, na mpingo wetu wa Lindi na Kilwa, ambao baadhi yao huutumia pia. Mwishoni mwa 2019 masharti yalilegezwa, bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo kumi za mti huo katika mzigo mmoja hazihitaji kibali. Rozwudi ya Brazili ni habari nyingine, iko Orodha ya Kwanza, iliyo kali zaidi, tangu 1992, na fimbo yenye mti huo huwezi kuibeba tu ndani ya ndege kwenda kuiuza. Mtu akikuambia "hii ni rozwudi," uliza ya wapi. Wanaojua huuliza.

Sasa kucheza. Nilimwomba muuzaji aturuhusu meza, akakubali, jambo ambalo kwa fimbo ya bei hii ni la kawaida na akikataa ondoka. Kijana alipiga mipira ya kawaida kwanza: kusimamisha mpira mweupe, kuurudisha nyuma kutoka mbali, kuufuatisha mbele kwa nguvu. Alitabasamu. Kiungio cha chuma chenye skrubu ya 5/16-14 (unene wa inchi 5/16, nyuzi 14 kwa inchi) na mepo ya zamani nzito (shafti moja ilikuwa karibu aunsi 4) hutoa pigo imara ambalo kaboni haina. Halafu akaanza kuzungusha mpira pembeni na kukosa. Akakosa tena. Alikuwa amezoea shafti ya kisasa, ambayo mbele ni nyepesi na haiusukumi mpira mweupe nje ya mstari sana. Shafti ya mepo ya milimita 13 huusukuma zaidi, na macho yake yalikuwa yakilenga kwa hesabu za shafti nyingine.

Hapo ndipo Mrundi aliporudi na hoja nzuri kuliko ya mwanzo. "Basi achukue ile ya kiwandani. Inacheza vile anavyojua, na bei ni ndogo."

Niliikubali nusu. Kwa mchezo peke yake, ile ya 1,180 ilikuwa chaguo la busara, na mtu asiyejali kuuza ningempa hiyo bila kusita. Lakini meza ya jirani ilikuwepo fimbo ya kampuni hiyohiyo, modeli hiyohiyo, ya miaka miwili, safi, ikiombewa 650. Kiwanda hakina foleni. Ukitaka mpya unaagiza leo, inafika wiki ijayo, na mwaka ujao wanatoa modeli nyingine. Fimbo ya fundi mwenye jina iko kinyume. Mafundi wachache hutengeneza chini ya mahitaji na hawapandishi bei kwa kasi ya soko, ndiyo maana fimbo iliyotumika huweza kuuzwa ghali kuliko ile mpya unayoisubiri. South West ya Las Vegas, iliyoanzishwa na Jerry Franklin na kuendelezwa na mkewe Laurie baada ya kifo chake mwaka 1996, imekuwa na foleni inayohesabiwa kwa miaka mingi, na fimbo zao za kawaida za mikuki sita hupata mnunuzi siku hiyohiyo. Hizo zilikuwa juu ya mfuko wetu. Fundi wetu hana foleni ndefu kiasi hicho, lakini kitabu chake cha oda kilikuwa kimefungwa mwaka ule, na hilo lilitosha.

Suluhisho la mchezo lilikuwa kwenye skrubu. Aina ya 5/16-14 inatumiwa na mafundi na makampuni mengi ya zamani, kwa hiyo shafti za kisasa zenye uzi huo zinapatikana kila mahali, mpya na zilizotumika. Kijana angeweza kununua mpini huu, kuufungia shafti ya kaboni kwa ajili ya ligi, na kuziacha zile mbili za asili kwenye mkoba. Kinachochakaa wiki kwa wiki kinakuwa shafti ya kaboni, ambayo haikuhesabiwa kwenye thamani tangu mwanzo, na ambayo anaweza kuiuza peke yake au kuhama nayo kwenda mpini mwingine. Angekuwa amechagua fimbo yenye skrubu ya ajabu ya fundi mmoja tu, njia hii isingekuwepo, na mnunuzi wa baadaye naye angekutana na ukuta huohuo. Nikiulizwa jambo moja ambalo wanunuzi wa fimbo rahisi hulisahau, nitalitaja hili kabla ya aina ya mti.

Kwenye bei nilimwacha azungumze mwenyewe. Aliiweka shafti ya pili mezani, akaibingirisha mbele ya muuzaji bila kusema neno, kisha akataja kipimo cha 12.6. Muuzaji alikuwa mzee wa Ohio, mtu mzima wa kazi yake, hakubisha. Walianzia 1,150 na 1,400, wakakutana 1,250. Pesa taslimu. Shafti ya kaboni iliyotumika ilipatikana mwezi uliofuata kwa 380, na hapo alikuwa amevuka bajeti kwa dola 130, ambazo alinilaumu mimi, kwa utani ambao haukuwa utani wote.

Kulikuwa na swali lililobaki la kumwagiza fundi fimbo mpya iliyokatwa kwa matakwa ya kijana. Tusingeweza mwaka ule, lakini ningemshauri vivyo hivyo asifanye, kwa sababu namjua. Alitaka inchi 60, mpini mzito wa aunsi 21, na herufi za jina la mama yake kwenye abunusi ya chini. Kila moja ya hizo ni fimbo ya mtu mmoja. Herufi za mama ni kitu kizuri mno kuwa nacho na kibaya mno kuuza.

Matunzo nilimwelekeza kwa ufupi. Gari la Kentucky mwezi wa Agosti ni tanuri, na fimbo iliyoachwa kwenye buti hupinda hata kama ni ya malaika. Kuvunja mchezo, yaani pigo la kwanza la kutawanya mipira, kwa fimbo hii ni marufuku, achukue fimbo nyingine ya bei rahisi kwa kazi hiyo. Msasa asiuguse, kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha kuondoa chaki. Aliuliza kuhusu kitani kilichong'aa, kama abadilishe kiwe ngozi, maana mkono wake hutoka jasho. Nilikataa. Avae glavu.

Sasa ameanza kuiuza, mapema kuliko alivyopanga. Mdogo wake Bujumbura amepata nafasi ya chuo na ada inatakiwa. Ameiombea 1,450 na amepata watu wawili. Mmoja, mchezaji wa ligi hapo hapo mjini, anatoa 1,150 kwa mpini na ile shafti ya 12.95 tu, anasema ya pili haimhusu na kijana abaki nayo. Wa pili yuko Pennsylvania, anataka vyote pamoja na barua pepe ya fundi, na ametoa 1,300 kabla ya gharama za kutuma. Kijana anavutiwa na wa kwanza kwa sababu yuko karibu na pesa zake ziko mkononi, na anadhani shafti iliyobaki anaweza kuiuza baadaye kwa 150. Haiwezekani. Shafti ya zamani ya fundi huyu, 12.6, iliyoinuka kidogo, isiyo na mpini wake, ni ya kumuuzia mtu mwenye mpini wa fundi huyohuyo uliopoteza shafti, na mtu huyo unaweza kumsubiri miaka. Nimemwambia atume Pennsylvania, alipie bima, aipakie kwenye bomba gumu la plastiki, na shafti ya kaboni abaki nayo.